Wilkie Collins, mwandishi aliyewanyima wasomaji hukumu waliyoingojea

Kunako mwezi Machi 1875, wasomaji wa The Graphic, gazeti la kila juma jijini London, walifika kwenye sehemu ya mwisho ya hadithi waliyokuwa wakiifuata tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Kwa karibu miezi sita walikuwa wakingoja kujua kama mwanaume mmoja, aliyeshitakiwa kumuua bibi yake kwa sumu, atasafishwa jina mbele ya tribinali na mbele ya watu. Walichokipata ni barua iliyofungwa ndani ya bahasha, na bwana mwenyewe akikataa kuifungua. Gazeti nalo likachapisha maneno ya kujitenga na hadithi ambayo lilikuwa limeinunua kwa hiari yake.

Mtungaji wa hadithi hiyo alikuwa Wilkie Collins, mwenye umri wa miaka 51. Hakuwa mgeni kwa wasomaji. Miaka 15 kabla, watu wa London walikuwa wakinunua manukato na makoti yenye jina la kitabu chake kimoja. Hasira ya wasomaji mwaka 1875 ilitokana na imani waliyokuwa nayo kwake, kwa sababu ni yeye aliyewazoesha kukaa kwenye kiti cha hakimu.

Collins alizaliwa London tarehe 8 Januari 1824. Baba yake, William Collins, alikuwa mchoraji wa picha za mashamba na bahari aliyeheshimiwa, mwanamemba wa chuo cha kifalme cha sanaa. Jina Wilkie lilitoka kwa mchoraji mwingine, David Wilkie, rafiki wa familia. Kati ya mwaka 1836 na 1838 familia nzima iliishi Ufaransa na Italia, na mtoto huyo alisema maisha yake yote kwamba huko Italia alijifunza mambo mengi kuliko shuleni. Aliporudi Uingereza alipelekwa katika shule ya kulala, na huko kijana mmoja mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kulala, alikuwa akimlazimisha kusimulia hadithi kila usiku. Akikataa, anapigwa. Collins alikuja kusema kwamba mnyanyasaji huyo ndiye aliyekiamsha kipaji chake.

Kunako mwaka 1841, baba yake alimtafutia kazi katika kampuni la wafanyabiashara wa majani ya chai. Alikaa humo miaka mitano, akiandika hadithi mezani mwa ofisi wakati wakubwa hawamwangalii. Mwaka 1846 akaingia Lincoln's Inn, moja kati ya vyama vya zamani ambamo mawakili wa Uingereza wanafunzwa, na mwaka 1851 akakubaliwa kuwa avoka.

Hakuwahi kusimamia kesi hata moja. Lakini sheria ilibaki ndani yake. Ukihesabu vitabu vyake, utakuta wasia, hati za ndoa, vyeti vya kuzaliwa, mawakili wa kila aina, wema na wabaya, na watu waliopoteza kila kitu kwa sababu ya mstari mmoja katika karatasi.

Mwaka huo huo wa 1851 alikutana na Charles Dickens, mwandishi maarufu kuliko wote nchini, aliyemzidi kwa miaka kumi na miwili. Walikuwa marafiki hadi kifo cha Dickens mwaka 1870. Walisafiri pamoja, waliigiza pamoja, na Collins akawa mfanyakazi wa magazeti ya Dickens. Ndugu yake mdogo Collins, Charles, alimuoa binti ya Dickens.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, kunako mwaka 1856 Collins aliingia katika tribinali moja ya London kusikiliza kesi ya jinai. Kilichomgusa hakikuwa kosa lenyewe. Ilikuwa ni namna mashahidi walivyofuatana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema kile tu alichokiona, na namna ukumbi mzima ulivyozidi kushikwa kadiri kipande kimoja kilivyoungana na kingine. Mwaka huo pia, katika kibanda cha vitabu vya zamani jijini Paris, alinunua mkusanyiko wa kesi mashuhuri za Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na kisa cha mwanamke tajiri aliyefungiwa hospitalini kwa jina la mtu mwingine, huku ndugu zake wakirithi mali yake kama marehemu.

Kutokana na mambo hayo mawili alitunga The Woman in White, yaani Mwanamke wa Mavazi Meupe, kilichotoka kwa sehemu za kila juma katika gazeti la Dickens kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860. Hakuna msimulizi mmoja. Kila mhusika anakuja kutoa ushahidi wake kisha anaondoka, na msomaji ndiye anayebaki na faili mikononi.

Kitabu kiliuzwa kama mkate wa asubuhi. Na wasomaji waliichukua kazi yao ya uhakimu kwa uzito wote. Mchambuzi wa gazeti The Times alifanya hesabu ya siku na kugundua kwamba tarehe ambayo njama nzima ya kitabu inategemea haiwezekani: imekosewa kwa karibu majuma mawili. Mwandishi mwingine angekasirika. Collins alirudi mezani na kurekebisha tarehe katika toleo lililofuata. Alielewa kwamba ukimwambia msomaji achunguze ushahidi, huna haki ya kulalamika akiuchunguza.

Baada ya hapo alikuwa na jina na fedha. Kitabu chake Armadale, kilichotoka mwaka 1866, kilinunuliwa kwa pauni 5,000 kabla hakijaandikwa, pesa ambazo waandishi wachache mno wa wakati ule wangeweza kuziota. Mwaka 1868 akatoa The Moonstone, kisa cha almasi iliyoibiwa India na kupotea usiku mmoja katika nyumba ya matajiri wa Uingereza. Aliiandika akiwa kitandani, mama yake akiwa anakufa, yeye mwenyewe akisumbuliwa na ugonjwa wa jongo uliofika hadi machoni. Alikuwa akitumia dawa ya maji yenye afyuni ili apate kulala, na mwishowe alikuwa akiinywa kwa kiasi ambacho kingemuua mtu asiyezoea. Sehemu za kitabu alizitamka tu, mtu mwingine akaandika. Mshairi T. S. Eliot, miaka mingi baadaye, alikiweka kitabu hicho juu ya hadithi zote za upelelezi za Kiingereza.

Lakini kulikuwa na faili moja ambayo Collins hakuwahi kuifungua mbele ya wasomaji wake, nayo ni ya nyumba yake.

Nyumba mbili, jina la kuazima

Collins hakuoa. Tangu mwisho wa miaka ya 1850 aliishi na Caroline Graves, mjane mwenye binti mmoja. Mnamo Oktoba 1868 Caroline aliolewa na mwanaume mwingine, na Collins alihudhuria harusi. Baada ya miaka michache akarudi kwa Collins, na hakuondoka tena.

Wakati huo Collins alikuwa tayari na mwanamke wa pili, Martha Rudd, binti wa familia ya hali ya chini kutoka mkoa wa Norfolk. Alimpangishia nyumba si mbali na kwake. Kwa majirani wa mtaa ule Collins alijiita William Dawson, avoka, na Martha akaitwa Bibi Dawson. Walizaa watoto watatu: Marian mwaka 1869, Harriet mwaka 1871, na William Charles mwishoni mwa Desemba 1874. Mtoto huyu wa tatu alizaliwa wakati sehemu za hadithi ya The Graphic zikiendelea kutoka kila juma.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa kama si mtoto wa mtu. Hakuwa na haki ya kurithi chochote ila kile alichoandikiwa wazi katika wasia. Collins alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, No Name, mwaka 1862, kuhusu wadada wawili wanaofukuzwa katika urithi kwa kuwa wazazi wao walichelewa kufunga ndoa. Mwaka 1870 akaandika kingine, Man and Wife, dhidi ya sheria za ndoa za Scotland na Ireland. Watu walianza kunung'unika kwamba anahubiri mno. Hawakujua kwamba alikuwa akiongea mambo ya nyumbani kwake.

Hukumu ya tatu

Hadithi iliyozua maneno mwaka 1875 inaitwa The Law and the Lady, yaani Sheria na Mwanamke. Ili kuielewa ni lazima kujua desturi ya tribinali za Scotland, ambazo hazikufanana na za Uingereza. Huko raia 15 walioteuliwa kuamua kesi walikuwa na majibu matatu: ana hatia, hana hatia, au haikuthibitishwa. Jibu la tatu lilimwachilia mshitakiwa kama la pili. Anarudi nyumbani, hafungwi, halipi kitu. Lakini kila mtu mtaani alielewa maana yake: tunakushuku, ila tumekosa ushahidi.

Msomaji wa Kongo anaweza kushangaa. Kwetu mashaka humfaidia mshitakiwa, na katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inamhesabu kila mshitakiwa kuwa hana kosa hadi hukumu ya mwisho itoke. Hakuna mlango wa katikati. Scotland ilikuwa nao kwa karne kadhaa, hadi mwaka 2025 ambapo bunge lake lilipiga kura ya kuuondoa.

Collins aliukumbuka mlango huo kwa sababu ya kesi iliyotikisa nchi nzima mwaka 1857. Madeleine Smith, binti wa familia tajiri ya Glasgow, alishitakiwa kumuua mpenzi wake wa siri kwa sumu ya aseniki. Alikuwa ameinunua sumu hiyo dukani waziwazi, akieleza kwamba aliitumia kupendezesha ngozi. Barua zake za mapenzi zilisomwa mbele ya watu. Kwa mashitaka ya kuua, tribinali ya Edinburgh ilijibu kwamba haikuthibitishwa. Madeleine akatoka huru, na maswali yakatoka pamoja naye.

Katika kitabu cha Collins, kijana mwanamke jina lake Valeria anafunga ndoa katika sura ya kwanza, na kwenye daftari la kanisa anakosea kutia sahihi: anaandika jina la bwana badala ya jina lake la usichana. Baada ya siku chache anagundua kwamba hata hilo jina la bwana ni la uongo. Bwana wake anaitwa Eustace Macallan, na aliwahi kushitakiwa Scotland kwa kumuua bibi yake wa kwanza kwa aseniki. Jibu lilikuwa lile la tatu. Kwa aibu, Eustace anamkimbia Valeria. Mwanamke hakubali. Anaamua kuichunguza kesi upya, yeye mwenyewe, ingawa bwana, mama mkwe na mawakili wote wanamkataza. Hiyo ni moja kati ya hadithi za kwanza za Kiingereza ambamo mpelelezi ni mwanamke.

Collins aliwapa wasomaji kesi nzima katikati ya kitabu: mashitaka, mashahidi, dukani ambako sumu ilinunuliwa, kitabu cha siri cha Eustace kikisomwa hadharani. Kila kitu kilielekea mahali pamoja. Mtu aliyewazoesha kutafuta ukweli kwa ushahidi alikuwa amewatandikia meza, na wao wakakaa.

Njiani kukatokea ugomvi. Mwanzoni mwa mwaka 1875, wahariri wa The Graphic walikata maneno katika tukio ambamo mhusika mmoja, Miserrimus Dexter, mtu asiye na miguu anayetembea kwa kiti cha magurudumu, anajaribu kumshika Valeria kwa nguvu. Waliona haifai kwa gazeti la familia. Walikosea mtu. Mkataba ulikataza kubadili hata neno, na Collins alikuwa mtu wa sheria. Alilalamika kupitia wakili wake, na gazeti likalazimika kuyachapisha maneno yaliyokatwa. Hadithi ilipomalizika ndipo The Graphic likalipiza, kwa kuwaambia wasomaji kwamba lingejua mapema yaliyomo, lisingeikubali. Collins akajibu katika gazeti jingine, The World, la rafiki yake Edmund Yates.

Ugomvi wa wahariri ni jambo moja. Malalamiko ya wasomaji na wachambuzi yalikuwa mengine, na hayo hayawezi kufutwa kwa barua ya avoka.

Wengi walisema Dexter hawezekani. Walisema pia kwamba mwanaume ambaye Valeria anamhangaikia hastahili taabu hiyo, na hapo ni vigumu kuwapinga: Eustace ni mtu wa kukimbia, kulia na kuugua, na msomaji wa leo atachoka naye kabla ya nusu ya kitabu. Lakini lililowauma zaidi ni mwisho.

Valeria anaupata ukweli. Bibi wa kwanza hakuuawa na bwana wake. Alijiua, baada ya kuonyeshwa kitabu cha siri ambamo Eustace aliandika kwamba hampendi. Aliyemwonyesha ni Dexter, aliyemtamani mwenyewe. Marehemu aliacha barua, Dexter akaificha, na vipande vyake vikatupwa kwenye lundo la takataka la nyumba ile. Watu wanalichimba lundo, wanaokota vipande, wanaviunganisha kimoja kimoja hadi barua inasomeka.

Hapo msomaji alikuwa na haki ya kutarajia tribinali. Barua itasomwa, hakimu atasimama, neno la haikuthibitishwa litafutwa, na waliomnyooshea Eustace kidole watainamisha vichwa. Collins hakuandika hayo. Barua inawekwa ndani ya bahasha na kufungwa. Valeria anamweleza Eustace kwamba ipo, kwamba inamwondolea lawama, na kwamba kuisoma kutamuumiza. Eustace anaamua kutoisoma. Bahasha inabaki imefungwa, iachiwe mtoto wao aliyetoka kuzaliwa, ambaye siku moja ataamua mwenyewe kuifungua au kuiacha. Kwa watu wa nje, jibu la zamani linabaki pale pale.

Ni rahisi kuelewa kwa nini watu walikasirika. Kwa juma baada ya juma walikuwa wamelipa ili wapate hukumu, na mwandishi akawapa mtoto kitandani na karatasi isiyosomwa. Kama kitabu cha upelelezi, mwisho huo una kasoro, na hata wanaompenda Collins wanaweka kitabu hiki chini sana ya The Moonstone. Hata hivyo Collins aliiona hatari ambayo wasomaji wake hawakuiona. Barua ile ingemsafisha Eustace mbele ya tribinali, lakini ingesomwa kwa sauti mbele ya watu, nayo inasema kwamba bibi yake alikufa kwa kukosa kupendwa. Sheria ingempa jina safi kwa kumvua nguo mara ya pili marehemu. Valeria, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutaka ushindi, ndiye anayezuia.

Na kuna yule mtoto. Wakati Collins akimalizia sura hizo, nyumbani kwa Bwana na Bibi Dawson mlikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili, mitatu, mwenye baba wa majina mawili, ambaye siku moja atalazimika kuamua anataka kujua kiasi gani.

Baada ya mwaka 1875, Collins aliendelea kuandika kila mwaka, na kuuza. Wachambuzi hawakumrudia. Mshairi Swinburne alieleza baadaye, katika makala aliyoitoa mara baada ya kifo cha Collins, kwamba kilichomharibu ni kutaka kurekebisha dunia kwa kila kitabu. Inawezekana. Afyuni pia ilikuwa na sehemu yake, pamoja na kumkosa Dickens, ambaye alikuwa mhariri mkali. Wasomaji wa kawaida, hasa wa magazeti ya mikoani yaliyoanza kununua hadithi zake, walibaki naye, wakilalamika na kusoma.

Alifariki London tarehe 23 Septemba 1889. Kitabu alichokiacha bila kumaliza, Blind Love, kilimalizwa na mwandishi mwenzake, Walter Besant, kwa kufuata maelezo aliyoyaacha. Kisha ukafunguliwa wasia. Mtu aliyeficha nyumba yake kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa ameandika kila kitu waziwazi: mali igawanywe nusu kwa nusu kati ya Caroline Graves na Martha Rudd, na watoto watatu wa Martha watambuliwe kuwa ni wake. Bila maneno hayo wasingepata hata senti moja.

Caroline alifariki mwaka 1895 na kuzikwa ndani ya kaburi lake, katika makaburi ya Kensal Green. Jina lake halikuandikwa juu ya jiwe. Kwa muda baada ya hapo, aliyelitunza kaburi hilo alikuwa Martha. Maandishi ya msalaba Collins aliyapanga mwenyewe: jina lake, tarehe zake, na kwamba alikuwa mtungaji wa The Woman in White na wa hadithi nyingine, bila kuzitaja.